Tyuna ya kitasa inayoleta chenga

Kaka wa Ujiji, umesema TV yako ya kitasa cha kuzungusha ina chenga, na picha inarudi ukikisukuma kitasa pembeni. Basi tyuna, yaani sehemu inayochagua chaneli, haijafa. Ni weusi kwenye kontakti, yaani vyuma vinavyogusana ndani yake, na unyevu wa ziwa hauzisaidii.

Chomoa plagi. Tyubu ya picha hubaki na chaji ya volti elfu kadhaa hata TV ikiwa imezimwa. Kuitoa chaji hiyo, funga waya kwenye bisibisi ya mpini wa plastiki, ncha ya pili kwenye waya mtupu unaopita mgongoni mwa tyubu, kisha penyeza bisibisi chini ya kile kikombe cha mpira kilichobandikwa kwenye tyubu. Mkono mmoja tu, mwingine mfukoni. Rudia baada ya dakika chache.

Fungua bati la tyuna. Ndani kuna pipa lenye vipande vya plastiki, kila chaneli na chake, na vichwa vya chuma vinavyogusa springi bapa. Vifute vyote kwa pamba yenye alkoholi ya isopropili, asilimia 90 kwenda juu. Msasa hapana: ukikwangua fedha iliyopakwa juu, weusi utarudi upesi. Mafuta ya taa nayo huacha utando unaonasa vumbi. Koili, zile waya zilizozungushwa, usiziguse kabisa. Waya ukisogea kidogo tu, chaneli inahama.

Ikikauka, zungusha kitasa mizunguko kadhaa ndipo uwashe.

Matangazo ya analojia yalishazimwa, kwa hiyo utahitaji king'amuzi na modyuleta, kifaa kinachogeuza picha ya king'amuzi kuwa chaneli ambayo TV hiyo inaweza kuipokea. Angalia hapo: tyuna nyingi za kitasa ni za VHF (masafa ya chini), modyuleta nyingi hutoa UHF (masafa ya juu zaidi).