Maswali na majibu: Kuuzuru mji uliousoma riwayani

Ninakwenda Dublin. Je, nitaiona nyumba ya Leopold Bloom, mhusika mkuu wa Ulysses, riwaya ya James Joyce?

Nyumba yake, namba 7 ya Mtaa wa Eccles, ilishabomolewa. Uliosalia ni mlango wake, nao umehifadhiwa katika Kituo cha James Joyce, Mtaa wa North Great George's. Lakini Mtaa wa Eccles nenda vilevile. Joyce aliiandika riwaya hiyo akiwa Trieste, Zürich na Paris, kwa hiyo mengi ilimbidi aulizie. Mwaka 1921 alimwandikia Josephine, mke wa mjomba wake, amweleze kama mtu wa kawaida anaweza kuvuka uzio wa vyuma wa nyumba ile, aning'inie, kisha ajiachie chini asiumie. Bloom anafanya hivyohivyo usiku aliosahau ufunguo. Mimi hunigusa sana kwamba mtu aliye ughaibuni alihangaikia uzio mmoja kiasi hicho. Usome ukurasa huo ukiwa umesimama palepale, na ukiweza, iwe Juni 16, kwani kisa kizima ni cha siku hiyo, mwaka 1904.

Raskolnikov, mhusika mkuu wa Uhalifu na Adhabu, riwaya ya Dostoevsky, alihesabu hatua 730 hadi kwa bibi anayekopesha kwa rehani. Nami nikihesabu zitatimia?

Usizitegemee. Dostoevsky alificha majina ya mitaa kwa herufi chache tu, na jengo linaloonyeshwa leo St. Petersburg, pembeni mwa Grazhdanskaya na Stolyarny, ni makisio ya wasomaji wake. Hata hivyo tembea, maana yeye mwenyewe aliishi jirani hapo alipokuwa akiandika. Ila ndani mna wapangaji. Tafadhali usipenye langoni nyuma ya mwenyeji anayerudi kwake. Picha ya nje inatosha.

Nibebe kitabu, au ramani ya simu inatosha?

Beba kitabu, hasa ukienda Istanbul. Orhan Pamuk alitoa riwaya ya Jumba la Makumbusho la Kutokuwa na Hatia mwaka 2008, na mwaka 2012 akafungua jumba lenyewe mtaani Çukurcuma, kila sura ya kitabu ikiwa na kabati lake, yote 83. Tiketi imechapishwa ndani ya riwaya: unaionyesha mlangoni, inapigwa muhuri, unaingia bure.

Na Cairo ya Naguib Mahfouz, mwandishi wa riwaya wa Misri?

Huko ni rahisi zaidi. Vitabu vyake vitatu vya mwaka 1956 na 1957 vina majina ya mitaa ya kweli ya Cairo kongwe. Anzia mtaa wa Bayn al-Qasrayn, wenye jina la kitabu cha kwanza.