Wageni wa Krismasi na waifai inayokwama

Pole sana dada. Umesema wageni wakishafika Moshi kwa Krismasi, intaneti inakwama jioni, ila asubuhi iko sawa. Basi ruta, kile kifaa kinachosambaza waifai, huenda ni nzima, watu ndio wengi. Nafunga intaneti majumbani, na kila Desemba nakutana na hili.

Itoe ruta nyuma ya televisheni, iweke juu, katikati ya nyumba. Simu za sebuleni ziunge kwenye 5 GHz, mawimbi ya waifai yenye kasi zaidi kwa walio karibu na ruta. Vyumba vya mbali viachie mawimbi ya 2.4 GHz, yanayopenya kuta vizuri zaidi. Wageni wafungulie mtandao wao wenye nywila tofauti.

Na ujumbe wa "zawadi ya sikukuu" unaoomba PIN, msiujibu kamwe, hasa waambie wazee. Intaneti ikikatika hata asubuhi, mwite fundi. Usipande paani mwenyewe.