Barua kwa Mwanangu Anayeanza Kazi Nachingwea

Newala, Mtwara

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipokea na nimeisoma mara mbili. Unaniuliza utaipata wapi busara ya kuwashauri wakulima waliohudumia mikorosho tangu kabla hujazaliwa, ilhali wewe ni afisa ugani mwenye miezi minne tu kazini. Swali lako limenifurahisha, kwa kuwa mimi katika umri wako sikuwa na hofu hiyo, na kuikosa kulitugharimu.

Msimu wa kwanza babu yako aliponikabidhi shamba, nilichelewa kupulizia salfa, dawa ya kuikinga mikorosho na ukungu. Bibi mmoja jirani yetu alinionya kwamba salfa hupuliziwa mapema, machipukizi na maua yanapoanza kutoka, tena alfajiri majani yakiwa na umande na upepo umetulia, wala haingoji ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu unaofunika maua kwa unga mweupe, utapakae. Sikumsikiliza, na hata hivyo nikavuna vizuri, nikajiona mjuzi. Kumbe mwaka ule ugonjwa haukuwa mkali. Msimu uliofuata nikafanya vilevile. Maua yakashikwa na ule unga mweupe, yakakauka, na tulichovuna hakikutosha hata ada ya shangazi yako.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mavuno ya mwaka wa kwanza yalinidanganya. Uamuzi mbovu huweza kuzaa magunia mengi, na uamuzi mzuri ukaharibiwa na mvua isiyotarajiwa, kwa hiyo anayejipima kwa magunia peke yake hajui bado kama ameamua vema. Tangu wakati huo huandika katika daftari, kabla matokeo hayajaonekana, nimeamua nini, kwa sababu gani, na nani alinipinga kwa maneno yapi. Msimu ukiisha huyasoma upya. Mara nyingi nimekuta kosa limelala katika neno la mtu niliyempuuza.

Hapo Nachingwea palifika mradi wa karanga ambao Waingereza waliuanzisha nchini mwaka 1947 kwa fedha nyingi na matrekta, wakafyeka mapori kabla ya kuujua vya kutosha udongo na mvua zake. Mwaka 1951 wakauacha. Elimu hawakukosa.

Basi mzee akikuuliza jambo usilolijua, mwambie utakwenda kwanza kuliona shamba lake, kisha uende kweli. Daftari langu la kwanza, nililolianza baada ya msimu ule mbaya, nimempa kaka yako akuletee. Kurasa za maneno ya yule bibi nimezikunja pembe.

Baba yako