Jibu: Je, matangazo yanaakisi jamii au yanaijenga?

Ndugu, umeuliza iwapo matangazo ya biashara yanaakisi tu majukumu ya kijinsia yaliyopo, au yanayajenga. Naona yanafanya yote mawili, na hilo la pili ndilo zito. Mwaka 2019, chombo kinachosimamia matangazo nchini Uingereza kilianza kuzuia yale yenye dhana za kijinsia zenye madhara. Mojawapo ya yale ya mwanzo lilikuwa la Volkswagen, ambamo wanaanga wanaume walielea huku mwanamke akiwa ameketi kando ya kigari cha mtoto. Picha moja haimbadilishi mtu, lakini mtoto anayeona mpangilio huo kila jioni, asionyeshwe mwingine, huuchukulia kuwa ndio maumbile. Hata kwetu, tazama ni nani anayefua katika matangazo ya sabuni.