Mbwa wangu ana saratani ya titi na mshono bado mbichi: nimtunzeje?

SWALI

Shikamoo daktari. Nina mbwa jike anaitwa Nuru, ana miaka 9 na kilo 18. Hajatolewa kizazi. Mwezi wa pili nilikuwa namwogesha nikashika kidonge kigumu kama punje ya njegere kwenye titi la nne upande wa kushoto. Kilipofika ukubwa wa gololi tulimpeleka kwa daktari, kikatolewa chenyewe tu, kikapelekwa maabara. Majibu yakasema ni saratani, daraja la pili, sentimita 2, na kingo si safi. Siku sita zilizopita amefanyiwa upasuaji wa pili, ameondolewa titi la nne na la tano pamoja na tezi ya kinenani. Nyama imepelekwa tena maabara, majibu bado.

Sasa chini ya mshono kuna mfuko laini kama wa maji. Anakula kwa kubembelezwa. Shemeji ananishauri nimpe diklofenaki. Jirani anasema niwatenge watoto na mbwa wetu mwingine, eti kansa ya mbwa inaambukiza. Je, atahitaji dawa za saratani kama za binadamu? Na nikwambie ukweli, mbwa huyu alikuwa wa marehemu baba. Miezi yote ya ugonjwa wa baba alilala mlangoni kwake. Nalia jikoni ili wasinione, maana wanasema ni mbwa tu.

Mama Neema, Moshi

JIBU

Marahaba, mama Neema. Pole kwa Nuru, na pole kwa mzee. Mengine yote yanaweza kusubiri aya chache, ila diklofenaki haiwezi, kwa hiyo naanza nayo: usimpe. Ibuprofeni na aspirini pia usimpe. Tumbo na figo za mbwa hazizihimili dawa hizi kama zetu. Hata kipimo tunachokiona kidogo kinaweza kumtoboa tumbo au kumharibu figo. Ukiona kinyesi cheusi kama lami au akitapika vitu kama unga wa kahawa, hiyo ni damu iliyopita tumboni. Paracetamoli nayo isitoke kwenye kabati lako kwenda mdomoni mwake, kwa sababu kipimo cha mtu kinaweza kumuumiza ini.

Daktari wako huenda alimwandikia meloksikamu, dawa ya maumivu. Hiyo ni dawa nzuri kwa mbwa, lakini kipimo chake cha kuendelea nacho ni miligramu 0.1 kwa kila kilo, mara moja kwa siku, akiwa ameshakula. Kwa Nuru ni miligramu 1.8. Kidonge cha binadamu kinachouzwa duka la dawa kina miligramu 7.5 au 15, yaani kile kidogo tu ni zaidi ya mara nne ya anachohitaji. Wengi wameumiza mbwa wao hapo, kwa nia njema kabisa: jina la dawa ni lilelile, wakadhani na kidonge ni kilekile.

Sasa huo mfuko wa maji. Titi la nne na la tano yakiondolewa, ngozi inabaki imeachana na nyama ya chini, na nafasi ile hujaa majimaji mepesi ya rangi ya chai. Hutokea sana siku chache baada ya upasuaji mkubwa wa ngozi, hasa mbwa akirukaruka. Ukiugusa ukawa laini, si wa moto, wala Nuru hashtuki, hiyo si hatari. Mwili utayanyonya wenyewe ndani ya wiki mbili tatu. Usiutoboe kwa sindano nyumbani. Sindano ile itaingiza vijidudu mahali palipokuwa safi, na maji yatarudi kesho yake. Mkande kwa kitambaa cha uvuguvugu dakika kumi, mara tatu kwa siku, bila kukandamiza mshono wenyewe, na umzuie kukimbia na kupanda ngazi. Ila pakiwa pa moto na pekundu, pakinuka, pakitoa usaha, au nyuzi zikiachia, mpeleke siku hiyohiyo.

Mshono uache mkavu. Ukichafuka, chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko kidogo cha chai cha chumvi, acha yapoe, futa taratibu kwa kitambaa safi, kausha. Basi. Spiriti inaunguza nyama changa. Majivu na oili chafu ya gari, ambayo bado naiona imepakwa mbwa kila mwaka, ni sumu, kwa sababu atailamba. Na mlaze ndani, tafadhali, hata kama maisha yake yote amelala barazani. Nzi akitaga kwenye mshono wenye unyevu, ndani ya siku moja utakuta funza, na hapo tutakuwa na ugonjwa mwingine juu ya huu.

Ile koni ya shingoni isitoke mpaka siku ya kutoa nyuzi, ambayo kwa kawaida ni kati ya siku ya 10 na ya 14. Najua inamchosha. Kama imepasuka, chukua ndoo ndogo ya plastiki, kata kitako, laini kingo kwa plasta, toboa matundu uifunge kwenye mkanda wake. Mdomo wa ndoo upite pua yake kidogo. Fulana ya mtoto nayo husaidia: mikono ya mbele ipite kwenye mikono ya fulana, fundo lifungwe mgongoni. Lakini fulana peke yake haimzuii mbwa aliyeamua kung'ata nyuzi.

Kinachonipa wasiwasi kuliko huo mfuko ni chakula. Siku ya sita, mbwa aliyefanyiwa upasuaji wa namna hii anapaswa awe amerudia sahani yake. Mpime joto kwa kipimajoto njia ya nyuma. Kawaida ni nyuzi 38 hadi 39.2. Funua mdomo utazame fizi. Ziwe za waridi, na ukizibonyeza kwa kidole zikawa nyeupe, rangi irudi kabla ya sekunde mbili kwisha. Fizi zikiwa zimepauka, au ukiona vidoa vyekundu kama vya kalamu tumboni, au pua inatoa damu, mwambie daktari apime damu kutafuta homa ya kupe. Kwetu huku kupe wa kahawia wa mbwa wamejaa. Ugonjwa wao unaweza kukaa kimya mwilini miezi mingi, halafu mwili uliochoshwa na upasuaji ukaufungulia mlango. Nimeona mbwa ambao ndugu zao walishakata tamaa wakisema saratani inammaliza, kumbe ni homa ya kupe, ikatibika. Na kama anatumia meloksikamu huku hali chakula au anatapika, isimamishe leo na umpigie daktari wako simu.

Wakati huo mpe chakula kidogokidogo, cha uvuguvugu ili harufu ipande: yai la kuchemsha, kuku asiye na mfupa, dagaa waliooshwa chumvi ikatoka, ini kidogo. Ugali mtupu haumjengi aliyeshonwa. Kitunguu, hata kilichoungwa kwenye mchuzi, hapana.

Tuje kwenye karatasi ya maabara. Uvimbe wa matiti ni miongoni mwa uvimbe unaowapata zaidi mbwa jike wasiotolewa kizazi, na karibu nusu yake si saratani. Wa Nuru uliangukia ile nusu nyingine, lakini ndani ya nusu hiyo mna mbwa wa hali tofauti sana. Ukubwa ni jambo la kwanza: chini ya sentimita 3 ndilo kundi lenye matumaini zaidi, na wa Nuru ulikuwa 2. Daraja linaeleza jinsi chembe zinavyofanana na titi la kawaida na kasi zinavyogawanyika. La kwanza ni tulivu, la tatu ni kali, la pili liko katikati. Nalo neno lililokutia hofu, "kingo si safi", halimaanishi kwamba saratani imesambaa. Mtaalamu hupaka wino pembezoni mwa nyama aliyoletewa, kisha anatazama kwa hadubini kama chembe za saratani zimefika kwenye ule wino. Zikifika, huenda nyingine zilibaki kwa mgonjwa. Ndiyo maana daktari wako alirudi akakata kwa upana. Alifanya sawa. Kuondoa la nne na la tano pamoja na tezi ya kinenani kuna sababu yake: matiti hayo ya nyuma humwaga majimaji yake kwenye tezi hiyo, na saratani ikisafiri, kituo cha kwanza ni pale.

Kwa hiyo majibu ya pili yakija, tafuta mambo mawili kabla ya yote. Je, kingo za safari hii ni safi? Na tezi ina chembe za saratani au haina? Kingo safi na tezi safi, kwa uvimbe wa sentimita 2 wa daraja la pili, mara nyingi upasuaji peke yake unatosha, na mbwa wengi wa namna hiyo huishi mpaka uzeeni wakafa kwa mambo mengine. Tezi ikiwa imeguswa, mazungumzo yanabadilika, na sitakuficha hilo.

Kama mapafu hayajapigwa eksirei, omba yapigwe, maana ndiko saratani hii hupenda kwenda. Omba picha tatu: akilala ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, na chali. Mbwa akilala ubavu, pafu la chini hubanwa, na kivimbe kilicho upande huo hufichika. Picha moja inaweza kukupa amani ya uongo. Hata tatu zina mpaka wake, kwa sababu vivimbe visivyofika milimita tano hivi mara nyingi havionekani. Ndiyo maana tunarudia, mimi hupenda kila miezi mitatu mwaka wa kwanza. Nyumbani, hesabu pumzi zake akiwa usingizini. Zikizidi 30 kwa dakika, siku baada ya siku, au akianza kikohozi kisichoisha, usingoje miezi mitatu.

Dawa za saratani za mishipani zipo kwa mbwa pia. Lakini kwa saratani ya titi ya mbwa, ushahidi kwamba zinaongeza maisha si mkubwa kama kwa wanawake. Kingo na tezi zikiwa safi, mimi nisingemchoma. Tezi ikiwa na saratani au daraja likipanda, hapo muulize daktari wako kama akupe rufaa. Hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro ni mahali pa kuulizia. Akishapona kabisa, zungumzeni pia kumtoa kizazi. Kwa baadhi ya mbwa inaonekana kupunguza kurudi kwa uvimbe, na kwa wote inaondoa hatari ya kizazi kujaa usaha, ugonjwa unaoua majike wa umri wake.

Jirani hakulitoa hewani lile la kuambukiza. Ipo saratani moja ya mbwa inayoambukiza kweli, ile inayoota sehemu za siri kama koliflawa inayotoka damu. Chembe zenyewe za uvimbe hutoka mbwa mmoja zikaota kwa mwingine wakati wa kupandana, au kwa kulambana na kunusana. Wanaozurura mitaani wanayo sana. Nayo, ajabu, ni katika zile zinazotibika vizuri kuliko zote: sindano ya vinkristini kila wiki, kwa kawaida wiki nne hadi sita, na wengi hupona. Ya Nuru siyo hiyo. Saratani ya titi haimpati mbwa mwenzake kwa kulala naye, wala watoto hawaipati kwa kumshika. Mbwa yule mwingine mtenge kwa sababu ya kucheza tu, asije akamrukia mshono. Watoto waacheni wakae naye.

Miaka yangu ya mwanzo kazini, mzee mmoja aliniletea mbwa mwenye kidonge kama hicho cha njegere. Nikamwambia tukiangalie kwanza. Aliporudi miezi minane baadaye, mapafu yalikuwa yamejaa. Sijamwambia mtu tena maneno yale. Wewe ulishika kidonge ukiwa unaogesha, ukakipeleka kikiwa gololi. Ukiwaza usiku kwamba ulichelewa, kumbuka ukubwa ulioandikwa kwenye ile karatasi.

Na kulia jikoni. Mama Neema, nimewaona wafugaji wenye ng'ombe mia wakilia mezani kwangu kwa mbwa mmoja. Hakuna aliyetoka pale heshima yake imepungua. Wewe unalia kwa sababu mbili, na waliokuzunguka wanaiona moja. Mwambie mume wako lile la mlangoni kwa baba, kama ulivyoniambia mimi. Huenda hajui kwamba ndilo linalokuliza. Mpe Neema daftari aandike kila jioni Nuru amekula nini, ametembea, amekuja kupokea wageni au hakuja. Daktari atalihitaji daftari hilo, na ikija siku mnabishana kama anateseka, mtakuwa na kitu cha kutazama pamoja badala ya kubahatisha kwa hofu. Nuru mwenyewe hana habari na neno saratani. Anachokijua leo ni mshono unaowasha na koni inayogonga mlango.

Siku ya kutoa nyuzi, mwombe daktari ashike mkono wako akuonyeshe kupapasa matiti manane yaliyobaki, kwa ncha za vidole, Nuru akiwa amelala ubavu. Aliyepata uvimbe kwenye titi moja anaweza kupata mwingine kwenye jingine, kwa hiyo fanya hivyo kila mwezi, siku ya kumwogesha. Na majibu ya pili yakifika, nitumie ukurasa mzima, si mstari wa mwisho peke yake.