Jibu: Kuhamia Uingereza moja kwa moja, nibebe nini?

Waalaykum salaam dada. Umeuliza, kwa begi la kilo 23, ubebe mbuzi ya kukunia nazi au makoti ya watoto. Makoti mtanunua huko huko. Ya soko la Darajani, Zanzibar, hayahimili baridi ya Januari. Mbuzi nayo iache, tui la kopo lipo. Kanga chukua. Mimi nilihama na doti sita, moja bado ina harufu ya udi wa mama, siifui.

Kubwa ni karatasi. Vyeti vya kuzaliwa, cha ndoa, vya skuli, kadi za chanjo za watoto: vyote asilia, mkoba wa mkononi. Begi langu lilichelewa siku nne. Cheti cha ndoa kikiwa kwa Kiswahili, kitafsiriwe Kiingereza kabla ya kuomba viza. Mtafsiri athibitishe tafsiri, aweke tarehe, jina na sahihi yake.