Kiwanja cha Chongoleani: soma kwanza yaliyonikuta Mwambani

Mkuu, umesema una milioni nane, umechoka kupandishiwa kodi Chumbageni hapa Tanga mjini, na dalali anakuvuta Chongoleani "kwa sababu ya bomba". Usitoe hela kwanza. Njia hiyo nimeipita.

Nami nilipanga Chumbageni, chumba na sebule. Agosti 2017 Magufuli na Museveni waliweka jiwe la msingi la bomba la mafuta pale Chongoleani, na mwenye nyumba wangu hakungoja hata mtaro uchimbwe. Kutoka 80,000 akataka 120,000, tena ya mwaka mzima mkononi. Baadaye wahandisi walipoanza kuja, wanaolipiwa nyumba na kampuni, mwalimu wa shule ya msingi angeshindana nao kwa lipi? Tanga yetu ya "waja leo, waondoka leo": siku hizi waja wanabaki, tunaoondoka mjini ni sisi wenyeji. Linaniuma sana hili.

Kwa hasira nikakimbilia kiwanja Mwambani, maana huko nako maneno ya bandari mpya yalikuwa yamepandisha bei kabla ya jiwe lolote kuwekwa. Muuzaji kijana, mpole. Tukaandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa, mashahidi, muhuri, nikaona nimemaliza. Mwezi wa nne nimeshamwaga tripu mbili za mawe, wakatokea dada zake watatu. Shamba la marehemu baba yao, mirathi haijafunguliwa, msimamizi hakuna. Na walikuwa na haki yao, siwalaumu. Muhuri wa mtaa haukunisaidia kitu. Nilirudishiwa nusu, tena kwa mafungu.

Mashamba mengi ya pwani yetu ni hayohayo, minazi ya babu yenye warithi kumi na tano, wengine wako Dar, wengine Mombasa. Kwa hiyo dai barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi, na warithi uwaone kwa macho. Kama ni nyumba ya ndoa, mke naye asaini, la sivyo mauzo yanaweza kutenguliwa. Kisha peleka namba ya kiwanja ofisi ya ardhi, ulipie upekuzi, yaani waangalie kwenye rejista ni cha nani, uulize na mchoro wa mipango miji eneo lile limepangiwa nini. Upepo wa bahari nao usikulevye: Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza ujenzi wa kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na madalali wanauza humohumo.

Mimi sasa niko Pongwe. Kiwanja kimepimwa, bikoni, vile vigingi vya mipaka, naziona, daladala napandia barabara kuu ya Muheza. Nilianza na vyumba viwili na choo, nikahamia bila plasta, na tangu siku hiyo hakuna aliyenigongea mlango kudai kodi. Kwa milioni nane, usiimalize yote kwenye ardhi; bakiza ya tofali na bati.

Huyo dalali wa Chongoleani mwombe namba ya kiwanja leo hii. Akikuambia "njoo ukione kwanza", usipande hata bajaji.